Gunia Lenye Kitambaa cha Kijani

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa. Mama Mizani anastaafu katikati ya mwezi huu. Ametangaza mwenyewe saa mbili asubuhi, amesimama kati ya sinki na mashine ya kusomea vipimo, kisha akarudi kwenye gramu zake kana kwamba hajasema kitu. Tunamwita Mama Mizani kwa sababu hupima kila kitu, hata sukari ya chai. Ameongoza maabara ya kinu hiki cha unga miaka ishirini na miwili.

Kwa hiyo kiti kitakuwa wazi. Maabara ina watu watatu. Ukimtoa yeye, tunabaki wawili: mimi na Kobe.

Kobe ni jina la humu daftarini tu. Ana kwa ana namwita dada, naye ananiita kaka. Si mtu mbaya. Hana majungu, na karanga zake hugawa. Lakini fungu moja la unga humchukua asubuhi nzima, na Meneja amesema leo, mbele ya watu, kwamba ghala limefurika na anataka mkuu mpya mwenye kasi. Aliposema kasi alinitazama mimi. Au saa ya ukutani, iliyo nyuma yangu.

Naandika kazi yetu hapa, ili siku nikiandikiwa historia mwandishi asihangaike. Tunapima unga wa ngano kabla haujatoka, tujue kama una sumukuvu. Ngano ikilowa au ikihifadhiwa vibaya huota kuvu, na kuvu huacha sumu. Sumu hiyo haionekani, hainuki, na moto wa tanuri hauiondoi. Mashine inasoma namba. Ikizidi kumi, fungu halitoki getini.

Jioni nilimwambia Mama Pacha, mke wangu, kwamba anazungumza na mkuu wa maabara mtarajiwa. Akasema mkuu mtarajiwa akaanue nguo, mvua inakuja.

Jumanne, 5 Agosti

Nimegundua ugonjwa wa maabara yetu. Ni bambo.

Bambo ni kile chuma chenye ncha na tundu. Unakidunga ubavuni mwa gunia, kinatoka na unga kidogo. Utaratibu wa Mama Mizani ni huu: kila fungu, dunga magunia thelathini. Ya mbele, ya katikati, ya nyuma, ya juu, na ya chini kabisa kule kwenye buibui. Changanya unga wote, gawa sehemu nne, chukua robo, gawa tena, hadi ibaki nusu kilo. Ukimuuliza kwa nini, anasema sumukuvu haikai kama chumvi kwenye mchuzi, inakaa kama kokoto kwenye wali. Unaweza kumaliza sahani ukadhani mchele ulikuwa safi.

Nimepiga hesabu. Kipimo chenyewe ni nusu saa. Saa tatu zilizobaki ni kupanda na kushuka magunia kama mbuzi.

Mpango wangu: gunia moja tu. Unga ni unga.

Nilianza leo. Asubuhi kulikuwa na kikao kwanza. Kobe alieleza jambo refu kuhusu maabara kupakwa rangi wiki hii na vitu fulani kuhamishiwa ghalani kwa muda. Sikufuatilia. Nilikuwa naandika hotuba yangu ya shukrani chini ya meza, na nilikuwa nimefika pazuri, "Ndugu Meneja, asante kwa kuniamini". Nilitikisa kichwa kila aliponyamaza.

Baadaye ghalani, bahati ya mtende. Pembeni mwa mlango kabisa, mahali pa kufikia bila hata kunyoosha mkono, pana gunia moja limesimama peke yake. Limefungwa kitambaa cha kijani kwenye pembe. Rahisi kulikumbuka. Nikadunga, nikachota, nikapima. Mbili! Safi kabisa. Nikaandika fungu namba moja, limepita.

Fungu la pili liko nyuma ya la kwanza, na la tatu nyuma ya la pili. Ngano ya msimu mmoja, kinu kimoja, ndugu wa baba mmoja. Nikachota tena palepale. Mbili. Na tena. Mbili.

Hadi saa kumi nimepitisha mafungu manne. Kobe alikuwa bado yuko kwenye fungu moja, ana utando wa buibui nyuma ya sikio. Nilimwambia pole. Nilimaanisha, kidogo.

Jumatano, 6 Agosti

Mafungu mengine manne. Yote mbili. Msimu huu ngano ni malaika.

Meneja amebandika jina langu kwenye ubao wa matangazo, karibu na picha ya kizima moto. Ameandika kwamba huu ndio mwendo anaoutaka. Malori yatapakia Jumamosi asubuhi, yote kwa mkupuo. Nilipita mbele ya ubao huo mara sita. Mara ya saba Mama Mizani aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Nyumbani nako mambo yanakwenda. Mama Pacha amepata oda ya kuoka mikate ya chekechea ya mtaa wa pili, ile wanayosoma pacha wetu. Mikate arobaini, kuanzia Ijumaa. Ameitafuta oda hii tangu mwaka jana. Wafanyakazi wa kinu tunaruhusiwa magunia mawili kila msimu, na ameniomba niyalete. Tayari ameshawaambia wazazi wote kwamba unga wake unapimwa na mume wake mwenyewe. Nilisikia fahari, siwezi kuficha.

Nilimweleza siri ya kasi yangu, bila kuingia ndani sana. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Akasema kwa mwanamume mwenye pacha waliokopi pua yake hadi tundu, hiyo hofu ingeachwa kwa wengine. Nikaenda kulala.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya misukosuko. Naiandika kwa mpangilio.

Saa tatu: Kobe alituita. Kasema gunia la mfano linapungua. Limeshuka kama kilo nne tangu Jumanne na hajui nani anachota. Meneja akauliza, labda panya? Wote wakageuka kunitazama, kwa kuwa ndimi mwenye jina ubaoni.

Ukweli ni kwamba sikujua gunia la mfano ni lipi wala ni la nini. Pengine alilieleza siku ya kikao. Lakini mtu anayetaka kuwa mkuu hawezi kuuliza swali kama hilo mbele ya Meneja. Nikasema niachieni mimi.

Saa nne: Nilitega mitego tisa. Kwa kuwa sikujua gunia lilipo, nilitega kila kona ya ghala, ofisini, na chumba cha chai.

Saa tano: Mtego wa kwanza ulinasa kidole changu.

Saa sita: Mtego wa tano ulinasa kiatu cha Meneja, naye akiwa ndani yake. Nimemweleza kwamba hii inathibitisha mitego inafanya kazi. Hakucheka.

Saa nane: Kobe alinifuata kwa sauti ya chini. Ameona nimepitisha fungu namba tisa. Akasema ngano ya fungu hilo ilitoka kwenye ghala la ngano lililovuja paa mwezi uliopita, angependa alirudie yeye mwenyewe kwa bambo, ahakikishe tu. Nilimwambia fungu limepita, limepata mbili, na kurudia kazi ya mwenzako ni kumvunjia heshima. Akasema hakukusudia hivyo, akaomba radhi. Wivu huo. Unaanza hivi hivi, kwa adabu.

Ili kumwonyesha jinsi ninavyoliamini fungu namba tisa, magunia yangu mawili nimeyachukua humohumo. Nimesaini mwenyewe kitabu cha getini, sehemu ya mpokeaji na sehemu ya aliyeidhinisha. Sahihi zangu mbili zilipendeza zikiwa pamoja.

Mama Pacha alipoona magunia alinipikia chai ya maziwa bila kuombwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi Mama Mizani aliniita, akafungua daftari la vipimo. Mafungu kumi na moja yaliyopita mikononi mwangu, mistari kumi na moja. Nilidhani anataka kunipongeza. Nilipapasa mfuko wa shati kuhakikisha hotuba ipo.

"Mwanangu, pacha wako wanafanana?"

Nikasema sana, ila mmoja ana pengo.

"Basi hata pacha wana tofauti yao. Haya mafungu kumi na moja, ngano ya maghala manne, yote yamesoma mbili kamili. Chukua bambo unionyeshe unavyochota."

Tukaenda ghalani watatu, yeye, mimi na Kobe. Nilitembea mbele. Nikafika kwenye gunia la kitambaa cha kijani, nikalidunga kwa mkono mmoja, kwa madaha, nikatoa unga bila kumwaga hata chembe.

Kobe aliweka kiganja mdomoni. Baadaye akasema, taratibu kabisa, kwamba hilo ndilo gunia la mfano.

Nimelijua leo gunia la mfano ni nini. Ni unga unaojulikana kuwa safi, umeshapimwa na kupimwa tena. Huhifadhiwa ili kila asubuhi mashine ijaribiwe nao kabla ya kazi, ionekane kama inasema kweli. Maabara inapakwa rangi, ndiyo maana lilikuwa mlangoni mwa ghala. Kitambaa kilifungwa ili mtu yeyote asije akalichanganya na mengine. Kwa hiyo nimepima gunia moja mara kumi na moja, gunia pekee katika kinu kizima ambalo halikuhitaji kupimwa. Na panya alikuwa mimi.

Mama Mizani hakupaza sauti. Bora angepaza. Aliuliza kitu kimoja tu, ni unga gani umeshatoka. Malori ni kesho, kwa hiyo hakuna. Kobe akafungua kitabu cha getini. Yapo magunia mawili tu, ya fungu namba tisa. Akanionyesha sahihi zangu. Hazikupendeza tena.

Nilikumbuka mikate arobaini. Nilisema nitakwenda kuyaleta mwenyewe, peke yangu, nikatoka mbio kabla hawajajibu.

Njiani nikapata mpango. Hakuna haja ya mtu kujua. Ningesema magunia yamekosewa ni ya mteja mwingine, nikayabadilisha, mambo yakaisha kimyakimya. Nilifika nyumbani saa nne na nusu. Mikate ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa. Gunia moja limefunguliwa, la pili limesimama bado limeshonwa. Mwalimu wa chekechea alikuwa mlangoni na vikapu viwili.

Nilisema jambo la kwanza lililonijia, kwamba mikate inanuka mafuta ya taa. Mwalimu akainama akanusa. Akasema hainuki. Nikasema yapo mafuta ya taa yasiyonuka. Mke wangu akanitazama kama anavyowatazama pacha wakiwa wamevunja kitu. Basi nikakaa juu ya kikapu cha mwalimu, nikasema sitainuka.

Dakika kumi hivi tulibaki hivyo. Ndipo gari la kinu likasimama nje na Kobe akashuka na bambo. Mama Mizani alimtuma nyuma yangu, kwa sababu ananijua. Kobe alisalimia kila mtu, kisha akaeleza yote kwa maneno machache. Hakuongeza, hakupunguza. Alisema huenda unga ni mzuri, huenda si mzuri, na kwamba hakuna aliyeupima.

Mama Pacha akasema pacha walikula kipande kimoja kimoja cha mkate asubuhi, ukiwa bado wa moto, kabla ya kwenda shule.

Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliinuka kwenye kile kikapu bila kuambiwa.

Mwalimu aliondoka na vikapu vitupu, watoto wakala ndizi. Mke wangu hakulia wala hakugomba. Alifunika mikate upya, akanyoosha pembe za kitambaa.

"Nimewaambia wazazi wote kwamba unga huu umepita mikononi mwa mume wangu," akasema. "Kumbe haukupita mikononi. Umepita mdomoni tu."

Jumamosi, 9 Agosti

Malori hayakupakia. Yamejipanga nje ya geti na madereva wanacheza bao la vizibo vya chupa. Wananinyooshea vidole.

Jana Kobe alidunga magunia yetu mawili sebuleni kwetu, kila moja mara thelathini, juu hadi chini, huku Mama Pacha amemshikia bakuli. Leo majibu yametoka. Gunia lililofunguliwa ni tatu. Gunia lililoshonwa, lile ambalo lingeokwa Jumatatu, ni thelathini na nane.

Thelathini na nane! Nilimwomba Kobe asome tena. Akasoma tena.

Unga wa magunia yote mawili ulisagwa siku moja, nayo yalisimama ghalani yakigusana mabega. Mama Mizani hakusema habari ya kokoto. Aliniangalia tu, akijua nimeikumbuka.

Fungu namba tisa limezuiwa lote. Mengine kumi yanapimwa upya, kwa bambo, magunia thelathini kila moja. Nilipanda na kushuka leo hadi magoti yakawaka. Kule chini kweli kuna buibui.

Pacha nimewapeleka zahanati hata hivyo. Daktari amewatazama ndimi, amewabonyeza matumbo, akasema wazima. Aliyemtia wasiwasi ni mimi, kwa jinsi nilivyokuwa natweta. Mmoja wa pacha ameuliza kama anaweza kuugua Jumatatu badala ya leo, maana Jumatatu ni shule.

Jumapili, 10 Agosti

Sijasemeshwa. Nimeanua nguo bila kuambiwa. Hakuna hata mvua.

Ijumaa, 15 Agosti

Mkuu mpya wa maabara ni Kobe. Ametangazwa leo kwenye chumba cha chai. Nilishajua, lakini kujua ni kitu kimoja na kusikia ni kitu kingine. Iliniuma.

Meneja, ambaye bado anachechemea, alisema sasa anataka mtu mwenye uhakika. Jina langu ubaoni limetolewa, kimebaki kizima moto. Kisha akaniomba nitoe neno la pongezi. Nilishtuka, nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa karatasi na kuanza kusoma. Nilikuwa nimefika "asante kwa kuniamini, sitakuangusha" nilipogundua ni karatasi gani. Nikamalizia tu. Watu walipiga makofi kwa huruma, Kobe kuliko wote.

Nimesikia kutoka kwa mlinzi kwamba Meneja alitaka kunifukuza. Kobe ndiye aliyekataa. Alisema mtu aliyekwisha kosea namna hii ni hasara kumpoteza, mpeni bambo. Kwa hiyo nimepewa bambo. Kazi yangu sasa ni kuchota, kila fungu, na kwa mwezi mmoja nitachota yeye akiwa amesimama pale.

Mama Mizani aliniita pembeni kabla ya kuondoka. Alinipa bambo lake mwenyewe, la miaka yote ile, mpini umelika umbo la kiganja chake. Akasema, "Thelathini, mwanangu." Nikasema thelathini, Mama.

Mama Pacha amerudishiwa oda. Anaoka kwa unga uliopimwa na Kobe, na anawaambia wazazi kwamba umepimwa na dada wa maabara, yule mpole. Kitambaa cha kijani kipo jikoni kwetu. Kobe alimpa, anakifunga kwenye gunia lililokwisha pimwa. Nimerudi kusemeshwa, kwa sentensi fupi.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekaa nikatafakari kwa utulivu, kama mtu mzima. Mtu asiyejifunza kutokana na makosa yake ni mtu wa kuhurumiwa. Mimi nimejifunza.

Tuyaangalie mambo yenyewe. Nyumbani kwangu yalikuja magunia mawili. Moja lilikuwa safi, moja bovu. Kama ningelidunga moja tu, lile safi, ningedanganyika. Lakini kama ningeyadunga yote mawili, ningeligundua lile bovu palepale! Thelathini wala haikuhitajika. Ushahidi ulisimama sebuleni kwangu, nilikuwa nauruka nikienda kunywa maji.

Kosa langu halikuwa kasi. Kosa lilikuwa gunia moja.

Jumatatu Kobe ana kikao cha wakuu wa idara asubuhi nzima. Ameniachia, kwa mara hii tu, mafungu sita na bambo la Mama Mizani, akasema ananiamini. Nami sitamwangusha. Kuanzia Jumatatu nitadunga magunia mawili.

Nimeshayachagua. Yote yako karibu na mlango.